Barua ya wazi kwa Waziri wa Utafiti wa Kisayansi: mafuta ya mimea yapimwe hadi mwisho

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, ambako kinini imetengenezwa kwa magome ya miti iliyopandwa hapahapa Kivu. Kwetu sisi, kwamba mti unaweza kutibu malaria si habari mpya. Lakini gome lilipata kipimo cha kuaminika baada ya wanakemia Wafaransa Pelletier na Caventou kutenga kinini yenyewe, mwaka 1820. Hatua hiyo ndiyo ninayoiombea mafuta ya harufu ya mimea yetu.

Maabara nyingi duniani zimeonyesha kwamba kemikali za mafuta hayo, kama timoli, eujenoli ya karafuu na sitrali ya mchaichai, huua vimelea ndani ya vyombo vya kioo, wakiwemo wale wa malale (ugonjwa wa usingizi) na wa leishmania, ugonjwa unaoenezwa na visubi. Natamani sana matokeo hayo yazae dawa. Ila kuua kimelea kwenye kioo ni kazi nyepesi. Hata spiriti inaweza. Swali ni kama kiasi kinachomuua kimelea kinaiacha salama seli ya mgonjwa, na vipimo hivyo viwili lazima vifanywe pamoja. Mafuta haya pia huruka haraka: mvuke wake ukitoka kishimo kimoja cha sahani ya majaribio huingia cha jirani, na dawa dhaifu ikaonekana kali. Sahani zisipofunikwa vizuri, namba zote zinapotosha. Isitoshe, mchaichai wa shamba moja na wa shamba jingine huenda isiwe na kemikali kwa kiasi kilekile.

Wakati huohuo mama anapewa kichupa cha mafuta amnyweshe mtoto. Mafuta ya karafuu yakimezwa na mtoto yanaweza kumharibia ini. Hili linaniuma.

Mheshimiwa, Lwiro ina kituo cha utafiti tangu enzi za Wabelgiji, mwendo mfupi kutoka hapa. Kipewe mashine ya kromatografia ya gesi, inayotenganisha kemikali zilizomo ndani ya mafuta, umeme wa uhakika, na mishahara ya watafiti vijana. Kila mafuta yajulikane yana nini kabla ya kupimwa, na yaliyoshindwa nayo yatangazwe, si yaliyofaulu peke yake.

Wala usiambiwe Kongo haiwezi. Feksinidazoli, dawa ya kwanza ya vidonge pekee dhidi ya malale, ilijaribiwa kwa wagonjwa wengi wa nchi hii kabla ya kukubaliwa mwaka 2018. Kabla yake, wagonjwa walioingiliwa na vimelea ubongoni waliwahi kudungwa melasoproli yenye aseniki, iliyoua takriban mgonjwa 1 kati ya 20.

Naomba bajeti ijayo iwe na fungu la kazi hii, likitajwa kwa jina lake.

Kwa heshima,
Mwalimu wa kemia, Bukavu