Damu inayovunjika haiponi kwa rozela

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linaloniuma kuhusu upungufu wa damu hapa Moshi. Mtu akiambiwa damu imepungua, ushauri tunaompa ni uleule: rozela, bitiruti, matembele na vidonge vya kuongeza damu. Sina ugomvi na rozela. Ugomvi wangu ni kwamba hatuulizi damu yenyewe imekwenda wapi.

Chembe nyekundu za damu huishi kama siku 120, kisha bandama na ini huziondoa na uboho wa mifupa huleta nyingine. Zikivunjika kabla ya wakati na uboho ukazidiwa, damu hupungua hata kwa mtu anayekula vizuri. Himoglobini, ile inayoipa damu wekundu wake, hugeuzwa kuwa rangi ya njano iitwayo bilirubini, ndiyo inayotia macho umanjano.

Mtoto wa jirani yangu hapa Pasua alikuwa na macho ya njano, na mkojo wake kwenye poti ulikolea kama chai ya rangi. Duka la dawa lilimpa mama yake vidonge vya kuongeza damu na kumwambia amlishe vizuri. Hakuna aliyeuliza habari ya mkojo. Baadaye mtoto akaanza kulia usiku kwa maumivu ya mifupa, akapelekwa hospitali, kipimo kikaonyesha sikoseli, ugonjwa wa kurithi unaopinda chembe nyekundu. Chembe za mgonjwa wa sikoseli huishi siku 10 hadi 20 tu. Muda wote huo mama wa watu alikuwa akijilaumu kwamba hamshibishi mwanawe, na hilo ndilo limenikera kuliko yote. Mtoto wa sikoseli huhitaji foliki asidi; madini ya chuma, yaliyomo kwenye vidonge vya kuongeza damu, apewe pale tu kipimo kinapoonyesha amepungukiwa nayo.

Sababu ziko nyingine. Malaria tunaijua, hasa wenzetu wa mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni: vimelea huzaliana ndani ya chembe, na kila baada ya saa 48 hivi huzipasua na kuingia nyingine. Damu ya kuongezewa isiyolingana na ya mgonjwa huvunjika pia. Mama mwenye kundi la damu la Rh hasi akizaa mtoto mwenye Rh chanya anatakiwa achomwe sindano ya kinga ndani ya saa 72, ili mwili wake usije ukashambulia damu ya mtoto atakayefuata.

Lisilosemwa kabisa ni upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinachokinga chembe nyekundu zisivunjike ovyo. Hurithiwa, na huwapata zaidi watoto wa kiume. Mwenye nao anaweza kukaa miaka bila dalili, mpaka siku ameze dawa isiyomfaa. Mwaka 2008 dawa ya malaria iitwayo Lapdap iliondolewa sokoni kwa sababu dapsoni iliyokuwemo iliwavunjia damu watu wa namna hii. Na hapa nawasihi kina mama na kina bibi: vile vidonge vyeupe vya naftalini tunavyotia kwenye sanduku la nguo kuzuia nondo ni hatari kwa mtoto mchanga mwenye upungufu huu. Mvuke wake unatosha kumvunjia damu. Nguo na mablanketi ya kichanga yasikae navyo kabisa. Kichanga akiwa wa njano, kumwanika juani barazani si matibabu. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwani bilirubini ikizidi huharibu ubongo.

Nawaomba wauzaji wa dawa, kabla ya kutoa vidonge vya kuongeza damu, waulize: macho yakoje, mkojo una rangi gani, mgonjwa ametumia dawa gani karibuni, nyumbani kuna mwenye sikoseli? Jibu likitia shaka, wamwelekeze mgonjwa akapime. Na wewe mhariri, ukurasa wako wa afya umwalike daktari wa damu aeleze kipimo cha G6PD na cha sikoseli hufanyika wapi hapa Kilimanjaro na kwa gharama gani, maana maswali hayo naulizwa na majirani na sina majibu ya kuwapa.

Mkazi wa Pasua, Moshi