Barua kwa mwanangu: inchi nne za barafu

Mwanangu, mama,

Hujambo huko. Sisi hatujambo, bibi yako miguu inamsumbua ila anakula. Naandika kwa simu ya mdogo wako, kidole kimoja, ukiona neno limeruka ujue ni kidole sio akili.

Ile picha uliyotuma, umesimama juu ya ziwa lililoganda, nimeiangalia mpaka chaji ikaisha. Hapa Mwanza, pale mwaloni Kirumba wameiona wote, si unawajua watu wa huku, mtoto wa fundi kasimama juu ya ziwa kama Petro, wanacheka na mimi nikacheka nao. Niliporudi nyumbani nikaivuta karibu. Nyuma yako kuna gari, pikapu nzima imepaki juu ya maji. Afu pembeni ya buti lako la kulia kuna mstari mweupe unakwenda mpaka kwenye lile shimo la kuvulia, na shimoni maji meusi tii. Ule mstari ni nini? Usiniambie ni kivuli. Nimekaa na mbao miaka 30, ufa naujua.

Na unaandika kwa furaha kabisa eti Jumamosi mnarudi tena na klabu ya wanafunzi, safari hii mnalala hukohuko kwenye kibanda mnavua. Mnalala. Juu ya ziwa. Nikamsomea mama yako, akanyamaza, na mama yako akinyamaza unajua mwenyewe.

Usiende.

Nilitaka barua iishie hapo. Mdogo wako ndo kasema baba huwezi kumkataza mtu aliyeko Marekani kwa meseji ya neno moja, atakujibu sawa baba na ataenda. Basi naandika kirefu.

Mimi sio mshamba wa maji, nataka ulijue hilo kwanza. Mtumbwi nikishautengeneza naupanda mwenyewe, natoka nao kidogo mpaka usawa wa Bismarck Rock na kurudi ndo namkabidhi mwenyewe. Nauamini kwa sababu najua kila msumari uko wapi na pamba ya kuzibia nimeishindilia kwa mkono wangu. Ukivuja kuna mtu wa kumfuata, watu wanakuja hapa wananitukana na wana haki. Sasa hiyo barafu fundi wake nani? Ikipasuka usiku mmelala mtamfuata nani?

Shuleni tulikaririshwa Victoria ni ziwa la pili duniani kwa ukubwa kwa maji baridi, hakuna mwalimu aliyetuambia la kwanza ndio hilo la kwenu huko Duluth, Minnesota. Mdogo wako kanitafutia, Superior kilometa za mraba 82,000 hivi, la kwetu 68,800. Kwenda chini la kwetu mita 80 na kitu, hilo 406. Na maji baridi kweli, sio baridi ya kitabuni. Najua umesema mnaenda ziwa dogo la pembeni sio Superior lenyewe, sawa, nimesoma, lakini hata dogo linaua mtu mzima. Na Superior ndo usithubutu kabisa, nasikia upepo ukigeuka barafu inamegeka pwani inaondoka na wavuvi juu yake kama vile magugumaji yanavyoondoka na upepo huku.

Hasi 20 uliyosema nimewaambia watu hawaamini. Mama yako mdogo aliyekuwa kiwanda cha minofu anasema friza za sangara wanaweka hasi 18. Yani sangara aliyekufa yuko kwenye joto kuliko wewe unayekwenda darasani. Halafu unasema jua linazama saa kumi na nusu jioni na nesi wa chuo kasema umeze vitamini D. Meza. Hiyo sio ya kubishana.

Hayo mengine mnayofanya sina neno nayo. Ile ya kuvaa vitu kama ungo miguuni mkatembea porini kwenye theluji, nenda, na chuo kinawaazima bure mnasema, nenda kabisa. Ule mpira mnaocheza na mafagio kwenye uwanja wa barafu mimi sijauelewa lakini chini yake kuna ardhi, cheza. Kushuka mlima kwa skii angalia magoti. Tatizo langu ni ziwa tu.

Kwa sababu hujui kuogelea.

Nimeliandika nikalifuta nikaliandika tena. Mtu akizaliwa Kirumba na hajui kuogelea watu wanauliza baba yake ni nani, na baba yake ndo mimi. Habari ya shangazi yako na MV Bukoba, ile meli iliyozama, unaijua, sina haja ya kurudia, ilikuwa tarehe 21 Mei 1996 na wewe hukuwepo lakini umeikuta ndani ya nyumba imekaa kama fenicha. Kaka zako waliogelea kwa kuiba, wewe ukakamatwa. Ile siku ya kuchapwa viboko sitaki kuisema. Mama yako aliniambia usiku ule kwamba mtoto anayekatazwa maji hajaokolewa na maji, mi nikamwambia anyamaze. Basi. Huko chuoni umesema jirani kuna bwawa la ndani maji ya vuguvugu na wanafundisha watu wazima kabisa wasiojua. Nimemaliza mtumbwi wa mtu wa Ukerewe, bado ananizungusha na hela, akinilipa ntatuma kidogo ulipie hilo somo. Usiniulize kwa nini sasa hivi.

Nimekumbuka pia MV Nyerere, Septemba 2018, wewe ulikuwa sekondari. Kivuko kilichotakiwa kubeba watu kama mia kikabeba zaidi ya maradufu, kikapinduka na gati ya kisiwa cha Ukara wanaiona. Zaidi ya watu 200. Wale hawakufa katikati ya ziwa, walifia mlangoni. Ndo maana ukiniambia baba tupo karibu na nchi kavu tunaona taa za barabarani, hainisaidii kitu. Siku hizi ukienda Sengerema unapita daraja la Kigongo-Busisi, kilometa 3, limefunguliwa Juni 2025, dakika chache umevuka, na bado mimi nikifika katikati nashika siti ya mbele. Kondakta ananicheka.

Haya. Mdogo wako kanisomea yale mambo ya watu wa maliasili wa huko Minnesota. Wanasema mtu kwa miguu inatakiwa barafu angalau inchi 4, ile mpya ya kung'aa, yenye rangi ya bluu. Gari dogo inchi 9 mpaka 10. Ile nyeupe yenye theluji ndani nguvu yake nusu, kwa hiyo 4 inakuwa 8. Na kwamba hakuna barafu ya kuiamini asilimia mia, wamesema wenyewe sio mimi.

Sasa inchi 4 mimi naijua. Nimechukua kipande cha mbili kwa nne nikakisimamisha juu ya meza kwa ule upana wake, hata hiyo inchi 4 haifiki sawasawa maana siku hizi wanapasua kwa kupunja. Nikakaa nakiangalia. Chini meza, juu kikombe cha bati, nikasema hiki hapa ndo kimembeba mwanangu, na ule mzigo wa makoti aliyovaa. Mama yako akapita akauliza nafanya nini nikamwambia napima.

Kwa hiyo ukienda, sijasema uende, nasema ukienda. Msitembee kwa mkumbo kama mnaenda mnadani, achieni nafasi. Wa mbele atoboe kila baada ya hatua kadhaa apime, sio kapima pwani basi. Mto unapoingia ziwani au unapotoka usikanyage, chini ya daraja usikanyage, maji yanayotembea hayagandi vizuri na hilo hata mtoto wa Ukara angekwambia bila kuona barafu. Vaa laifu jaketi juu ya koti, usione aibu, wenyeji waache wacheke. Kuna ile misumari miwili yenye vipini inavaliwa shingoni kwa kamba, ukitumbukia unaichomeka kwenye barafu unajivuta. Inauzwa maduka ya uvuvi. Ningekuwa karibu ningekutengenezea mwenyewe, misumari ya inchi 4 na vipini vya mpera, hiyo ni kazi ya nusu saa.

Na ukitumbukia, mama, Mungu apishe mbali, dakika ya kwanza utahema kama mbwa, hiyo ni baridi inakushtua, wewe shughulika na pumzi tu usipige kelele. Una dakika kama 10 ambazo mikono inakusikia. Baada ya hapo mikono inakataa, ila mwili unachukua kama saa nzima kabla hujapoteza fahamu, kwa hiyo usikate tamaa. Geukia kule ulikotokea maana kule ndo kulikubeba. Piga miguu nyuma, lala kwa tumbo, jivute, na ukitoka usisimame, bingirika kama gogo mpaka mbali. Nimeisoma mara sita. Soma na wewe mara sita.

Ile ya kuruka makusudi kwenye shimo na nguo ya ndani ati mnachangisha hela za hisani, hapana. Hapo hakuna ukienda. Changia kwa kupika maandazi.

Nibadilishe habari. Matokeo ya form four yametoka, mdogo wako kapata division two, fizikia imemuangusha kidogo, anakusalimia na anataka umwambie kama hicho chuo chako kinachukua watu wa two. Ndo nikakumbuka jambo. Ulipoenda nilikuwa nimeshawatangazia watu wa jumuiya kwamba unaenda yunivasiti, afu wewe ukaandika chuo cha jamii, mwenyekiti akauliza mbele za watu ni kama vile vyuo vyetu vya maendeleo ya wananchi? Nikakosa jibu. Nikakaa kama wiki mbili sikujibu meseji zako, nikasingizia bando. Sasa nimeelewa, miaka miwili ada nafuu, masomo unahama nayo kwenda chuo kikuu, na darasani kuna mama wa miaka hamsini na dereva wa lori anasomea unesi usiku. Mimi hiyo ndo imenigusa. Kingekuwepo kitu kama hicho hapa karibu, saa za jioni, ningekwenda na mimi nikajifunze hesabu za fundi kwenye kompyuta. Na A ya kemia nimeipeleka jumuiya kwenye simu, mwenyekiti kaisoma mwenyewe kwa sauti.

Ila usijisahau na hiyo kazi ya kantini. Masaa 20 kwa wiki ndo mwisho wakati wa masomo na ni humohumo chuoni, usije ukashawishika na mtu akakupa kibarua cha pembeni, viza ikiharibika sina mtumbwi wa kukufuata nao. Na usitume hela nyumbani. Ile uliyotuma Krismasi mama yako kanunua bati nne, jiko halivuji tena, tumeshukuru, lakini usirudie. Nunua buti. Hizo za kwenye picha zinaonekana zimechoka kwenye kisigino.

Dagaa zimepanda, wiki ya mbalamwezi hamna anayeingia ziwani, na karabai zile za mafuta karibu zimeisha, wote wana taa za sola na betri. Mbuzi mweusi kazaa mapacha. Jirani kajenga ukuta umeingia kwetu kama futi moja hivi, nimemwambia mbele ya balozi, anasema atabomoa baada ya Pasaka, tuone. Mashine ya kuranda imekufa tena, nimeifungua nimekuta ni beringi.

Bibi yako kakufungia michembe na matobolwa, viazi vyetu vile vikavu, kwenye ndoo ya rangi iliyooshwa, kuna kijana wa jirani anasafiri mwezi ujao kwenda huko majimbo ya jirani na kwako, atakutumia kwa posta. Anasema michembe upike na karanga, usile mikavu njiani kama ulivyokuwa unafanya. Na anauliza hao samaki wa chini ya barafu wana magamba au hawana.

Huku na huko ni masaa tisa, kwa hiyo Jumamosi nyie mkiingia kwenye hicho kibanda jioni sisi ni usiku wa manane. Nitakuwa macho. Kabla hamjalala weka rula ndani ya shimo, ile ndefu, piga picha nione namba mwenyewe, sio uniambie. Isome kwa inchi. Na ule mstari wa kwenye ile picha bado hujanijibu.

Ni mimi baba yako.

Mama yako anasema soksi mbili, ya ndani isiwe ya pamba.