YAH: MALALAMIKO KUHUSU KOMPYUTA MPAKATO ILIYOUZWA KWA MAELEZO YASIYO YA KWELI

Songea,
12 Januari 2026

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Songea. Mwezi uliopita nilinunua katika duka lenu la mtandaoni kompyuta mpakato ndogo, mpya, ya inchi 11.6, kwa shilingi 540,000 pamoja na nauli ya mzigo. Niliitaka ndogo kwa sababu naibeba kila siku kwenye bodaboda, na kazi zangu ni za kawaida: kujaza matokeo kwenye Excel, kutunga mitihani, na kuhifadhi video za vipindi ili niwaonyeshe wanafunzi darasani, mahali ambapo mtandao haushiki.

Kwa ajili ya hizo video, kitu cha kwanza nilichokiangalia kilikuwa hifadhi. Tangazo lenu liliandika hivi: "Hifadhi: GB 1,088." Mzigo ulipofika nikaiwasha, nikakuta diski yenyewe inaonyesha takribani GB 58. Hiyo ni eMMC, hifadhi iliyojengwa ndani ya mashine, ya GB 64 (Windows huionyesha pungufu kidogo kwa namna inavyohesabu), yaani kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali. Zile GB 1,024 nyingine ni nafasi ya OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, inayokuja na usajili wa mwaka mmoja wa Microsoft 365. Mmechukua 64 iliyomo ndani ya mashine, mkajumlisha na 1,024 iliyoko mtandaoni, mkaandika jumla yake kana kwamba yote imo ndani.

Ndugu Meneja, hivi ni vitu viwili tofauti. Nafasi ya mtandaoni siwezi kuifikia bila bando, na kupandisha video za muhula mzima kwa bando la simu ni gharama ambayo mshahara wangu hauibebi. Tena ni ya kupangisha: mwaka ukiisha bila kulipia upya, nafasi ya bure inayobaki ni GB 5. Hakuna neno hata moja la usajili wala la mwaka mmoja katika ukurasa wa bidhaa. Nimepiga picha ya ukurasa huo na nimeiambatanisha.

Baada ya Windows na programu zangu, nafasi iliyobaki haikufika GB 30. Nilipoingiza sehemu tu ya video, sasisho la Windows likagoma kwa kukosa nafasi. Fundi ameniambia kuwa hifadhi ya namna hiyo imechomelewa kwenye bodi, haichomolewi kama SSD (diski ya kisasa) ya kawaida ili kuweka kubwa zaidi. Mhudumu wenu wa simu alinishauri ninunue memori kadi. Maana yake nilipe mara ya pili kwa kitu ambacho nilikwisha kukilipia kwenu.

Mambo mengine yako sawa na sitaki kuwaonea: kioo ni kizuri, betri inakaa, RAM ni GB 4 kama mlivyoandika. Lakini katika ukurasa uleule, muuzaji mwingine alikuwa na mashine ya inchi 11.6 iliyotumika, yenye SSD ya GB 256, kwa bei inayokaribiana na hii. Niliiacha kwa sababu yenu ilionekana kuizidi mara nne. Yule aliyeandika ukweli kuhusu mali yake alikosa mteja siku hiyo, na hilo linaniuma karibu sawa na fedha yangu.

Mhudumu huyo alinijibu pia kwamba bidhaa iliyofunguliwa boksi hairudishwi. Nitajuaje ukubwa wa hifadhi bila kufungua boksi na kuwasha? Mteja aliyeko Dar es Salaam anaweza kupokea mzigo mlangoni, akaukagua, ndipo akalipa. Sisi wa mikoani mnatutaka tulipe kwanza, mzigo uje kwa basi. Hatuna cha kushika wala cha kujaribu. Tunanunua yale mliyoyaandika. Basi yale mliyoyaandika ndiyo makubaliano yetu, na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayomuuzia.

Kwa hiyo naomba mnirudishie fedha zangu zote, nauli ya mzigo ikiwamo, na gharama ya kuirudisha mashine iwe juu yenu. Sitaki vocha ya kununulia tena dukani kwenu. Vilevile naomba tangazo lile lirekebishwe leo, lisomeke GB 64, na nafasi ya mtandaoni itajwe kando pamoja na muda wake. Nilipolitazama asubuhi hii lilikuwa bado lipo vilevile, na Januari hii wazazi wengi wananunulia watoto vifaa.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Lisipokuja, nitawasilisha lalamiko hili na vielelezo vyake Tume ya Ushindani.

Kompyuta iko ndani ya boksi lake pamoja na chaja na risiti. Nijulisheni niikabidhi kwa wakala gani wa mabasi.

Wenu,

Mwalimu, mteja wenu wa Songea.

Viambatanisho: risiti ya malipo, picha ya tangazo, picha ya kioo inayoonyesha ukubwa wa diski.