Fangasi wa kwenye damu nao wahesabiwe

Ndugu Mhariri,

Kila Novemba, wiki ya kuelimisha umma kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa inapofika, magazeti yetu hujaa habari za UVIDA, kifupi cha usugu huo. Tunasoma kuhusu watu wanaonunua antibaiotiki bila cheti cha daktari, wafugaji wanaowachanganyia kuku dawa kwenye maji ya kunywa, na bakteria wa mkojo wasiosikia tena dawa za kawaida. Yote ni kweli na yaendelee kusemwa. Ila sikumbuki ni lini nilisoma hata aya moja kuhusu fangasi wa kwenye damu. Mimi ni mtu wa maabara, kwa hiyo huenda jambo hili linaniuma kuliko linavyomuuma msomaji mwingine.

Ukitaja fangasi, wengi huwaza vidole vya miguu, kucha au sehemu za siri. Hao wanakera, ila si wa kuua. Mimi nawasemea Candida, jamii mojawapo ya fangasi, walioingia kwenye mkondo wa damu. Wanampata mtoto njiti anayelishwa kwa mshipa, mgonjwa wa ICU aliyekaa muda mrefu na mipira mwilini huku akipewa antibaiotiki za nguvu, mtu aliyepasuliwa utumbo, au aliye kwenye tiba ya saratani. Homa haishuki, antibaiotiki inabadilishwa, inabadilishwa tena, na siku zinakwenda. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2024 yanasema watu zaidi ya milioni 1.5 duniani hupata Candida wa ndani ya mwili kila mwaka, na karibu milioni 1 kati yao hufa. Hata kama makadirio hayo yamezidi kidogo, bado ni msiba.

Naomba nieleze kinachotokea kwetu maabara, maana tatizo linaanzia hapo. Chupa tunayooteshea vimelea vya damu ya mgonjwa ikionyesha kuna kitu kimeota, tunachukua tone, tunalipaka kwenye kioo na kulitia rangi ya Gram. Kwenye hadubini unaona chembe za zambarau, kubwa kuliko bakteria kwa mbali, nyingine zikiwa na kichipukizi ubavuni. Aliyewahi kuziona hazimpotei. Baada ya hapo maabara nyingi hufanya kipimo cha seramu: unachanganya fangasi na seramu, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, unaweka kwenye joto la nyuzi 37 kwa saa 2 hadi 3, kisha unatazama kama ameotesha kimrija. Akiotesha, jibu ni Candida albicans. Asipootesha, linaandikwa "Candida, si albicans", daftari linafungwa. Kuna mahali nimekuta jibu la namna hiyo limeandikwa kuwa ni uchafuzi tu, eti fangasi aliingia wakati wa kutoa damu. Candida kwenye chupa ya damu hahesabiwi kuwa uchafuzi hata akionekana kwenye chupa moja pekee, na mgonjwa huyo anatakiwa kuanza tiba siku hiyo hiyo.

Jibu la "si albicans" halimsaidii daktari, kwa sababu ndani yake kuna vimelea vya tabia tofauti kabisa. Yumo Candida krusei, ambaye kwa asili yake hasikii flukonazoli, dawa ya fangasi iliyozoeleka, ukimpa vidonge vingi au vichache. Yumo Candida glabrata, anayehitaji dozi kubwa na mara nyingine hashuki hata kwa hiyo. Yumo Candida parapsilosis, ambaye zamani alikuwa mpole, lakini ufuatiliaji uliofanywa Afrika Kusini mwaka 2009 na 2010 ulikuta wengi wao hawaitikii tena flukonazoli. Na yumo Candida auris.

Huyu wa mwisho alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2009, baada ya kutolewa kwenye sikio la mgonjwa huko Japani. Kwa walio Dar es Salaam au Arusha, Japani ni mbali, basi tuangalie jirani. Katika hospitali moja kubwa ya Nairobi, wataalamu walipitia wagonjwa waliokuwa na Candida kwenye damu kuanzia 2010 hadi 2016, wakakuta asilimia 38 walikuwa na C. auris, huku C. albicans akiwa kwa asilimia 25. Fangasi ambaye vitabu vingi vya shule zetu vilikuwa bado havijamtaja ndiye aliyekuwa akiongoza. Kwa C. auris waliopimwa Marekani, kama asilimia 90 hawasikii flukonazoli, na kama asilimia 30 hawasikii amfoterisini B, dawa nyingine ya fangasi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya fangasi wa kupewa kipaumbele, lilimweka kwenye kundi la juu kabisa.

Ubaya mwingine ni kwamba anajificha. Mashine kadhaa za kutambua vimelea, hasa zenye programu ya zamani, zilikuwa zikimwita Candida haemulonii, kwa hiyo hata maabara iliyojitahidi ilidanganywa. Anang'ang'ania vitanda na vifaa kwa wiki kadhaa, na baadhi ya dawa za kusafishia zinazotumika mahospitalini hazimgusi vizuri. Klorini inamuua, ilimradi iachwe kwenye kifaa kwa muda unaotakiwa, si kupitisha kitambaa na kuondoka.

Sasa tazama daktari wetu ana nini mkononi. Dawa za kutibu Candida wa damuni ziko hasa makundi matatu. Flukonazoli ni ya bei nafuu na inapatikana karibu kila mahali. Amfoterisini B inapitishwa kwa dripu na inaumiza figo, hivyo inahitaji hospitali inayoweza kufuatilia vipimo vya damu. Kundi la tatu ni la ekinokandini, kama mikafungini na kaspofungini, ambalo ndilo miongozo mingi inalianzia. WHO iliziingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, lakini nendeni famasia ya hospitali ya mkoa mkaulizie. Kwa hali hii, wagonjwa wengi wataanzishiwa flukonazoli, na hatujui ni wangapi kati yao wanapewa kitu ambacho fangasi wao hakijali.

Ndiyo maana nasema tuhesabu. Mwaka 2019 WHO ilitoa utaratibu wa kuwaingiza Candida wa kwenye damu katika mfumo wake wa dunia wa kufuatilia usugu, ule wa GLASS, kwa hiyo hakuna anayetutaka tubuni kitu kipya. Afrika Kusini wana taasisi yao ya taifa inayokusanya vimelea kutoka maabara za umma na za binafsi. Katika ufuatiliaji wa 2016 na 2017 walikuta C. auris kwa takriban mgonjwa 1 kati ya 7 wenye Candida kwenye damu, na walijua ni hospitali za aina gani zimeathirika zaidi. Hawakusubiri wamalize bakteria kwanza.

Tukianza, tuanze kwa uangalifu, kwa sababu takwimu mbaya zina madhara yake. Mgonjwa aliyelazwa mwezi mzima anaweza kutolewa damu mara nyingi, na kila chupa ikaotesha fangasi yule yule. Ukihesabu chupa badala ya mtu, mgonjwa mmoja mwenye fangasi sugu anageuka kuwa kumi. Kuna na tabia ya kupeleka maabara ya taifa fangasi wa wagonjwa wale tu ambao dawa imeshindwa kuwatibu. Hao lazima wataonekana sugu, kisha mtu atasimama kwenye semina na kutangaza kuwa flukonazoli imekwisha kazi nchini. Wapimwe wote, fangasi wa kwanza wa kila mgonjwa, mgonjwa awe amepona au amefariki. Na tuandike pia idadi ya chupa za damu zilizooteshwa. Hospitali isiyootesha damu kabisa haitaripoti Candida hata mmoja, na kwenye jedwali itaonekana ndiyo salama kuliko zote. Tukumbuke pia kuwa hata kuotesha kwenyewe hukosa karibu nusu ya wagonjwa wa Candida wa ndani ya mwili.

Najua jibu la kwanza litakuwa ni fedha. Kwa mashine kubwa za kutambua vimelea sina ubishi, chache zinatosha zikiwekwa kwenye kanda. Lakini kupima flukonazoli kwa diski, yaani kikaratasi chenye dawa kinachowekwa juu ya fangasi, kunatumia sahani za Mueller-Hinton, hizi hizi tunazopimia bakteria, ukiongeza glukosi asilimia 2 na methylene blue kidogo. Sahani inakuwa ya buluu na duara ambamo dawa imezuia fangasi linaonekana vizuri kesho yake. Kinachotakiwa ni mafunzo ya kulisoma: flukonazoli inazuia tu, haiui, kwa hiyo ndani ya duara hubaki vijidoti, na mtu asiyefundishwa atampa kila fangasi jina la sugu. Unapima pale ukuaji unapopungua ghafla. Kwa C. auris kipimo hiki hakina viwango rasmi. Huyo apelekwe maabara ya rufaa.

Na tusiambiwe kwamba hakuna friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ya kuhifadhia vimelea mpaka gari la kuvipeleka lipatikane. Fangasi wa aina hii hukaa hai kwa miaka kwenye kichupa cha maji yaliyokenekwa (distilled), yasiyo na vijidudu, kifuniko kimekazwa, juu ya rafu, katika joto la kawaida la chumba. Njia hiyo ni ya zamani, wazee wa fani wanaijua vizuri.

Kinachonisumbua zaidi ya vifaa ni majibu kutorudi. Sampuli ikisafirishwa kwenda juu, matokeo huishia kwenye ripoti ya mwaka, daktari aliyemtibu mgonjwa asiyaone. Jibu la fangasi lirudi wodini kwa simu kabla ya karatasi.

Ndugu Mhariri, ripoti nyingine ya UVIDA ikitoka na mwandishi wako akaalikwa kwenye uzinduzi, naomba aulize mambo haya: ni wagonjwa wangapi walikutwa na Candida kwenye damu, wangapi walitambuliwa kwa jina kamili, wangapi walipimwa flukonazoli na kutoka hospitali zipi. Akiambiwa hakuna, aandike hivyo hivyo.

Mteknolojia wa maabara,
Kanda ya Ziwa