Usiguse baruti kwanza

Kaka, habari za siku,

Zile namba zako za kasi ya risasi ulizojaza baruti mwenyewe nimezisoma mara tatu na nakuomba sana usipunguze baruti bado. Ya kwanza 792, ya pili 871, ya tatu haikusoma kabisa, na baruti ya zote umeipima kwa mizani ile ile? Tofauti ya karibu mita 80 kwa sekunde kama ingetoka kwenye baruti ungeshaiona kwenye shabaha na hata kwenye maganda ya risasi. Mi naishuku kronografu, kile kifaa cha kupimia kasi ya risasi.

We fikiria tu inachofanya. Sensa mbili zimeachana sentimita 30, risasi ya mita 800 kwa sekunde inakatiza hapo kwa mikrosekunde kama 375, hata nusu ya milisekunde haifiki, na chenyewe hakiioni risasi, kinaona kivuli kinapita basi. Kwa hiyo kitu kidogo tu kinaharibu hesabu. Mi ilinitokea mwaka jana, siku nzima nasoma namba za juu nikaanza kupunguza baruti kama unavyotaka kufanya sasa, kumbe tope lilikuwa limeganda kwenye bawaba ya fremu ya kukunja ya kronografu yangu, haikufunguka mpaka mwisho. Milimita 3 zikipungua kati ya sensa, hiyo ni asilimia 1, mita 8 za uongo kwa kila risasi! Iliniuma sana, baruti ya wiki nzima imeenda bure.

Ila bawaba inapandisha zote sawasawa, zako zinaruka, kwa hiyo anza na umbali. Umesema umeiweka hatua mbili kutoka mdomo wa mtutu, hapo ni karibu mno kwa bunduki kubwa, moshi na mshindo na punje za baruti ambazo hazijaungua vinaishtua sensa ya kwanza kabla ya wakati. Isogeze mpaka mita 4 au 5. Halafu toa bolti uchungulie ndani ya mtutu uone katikati yake inapita wapi juu ya sensa, usiamini darubini maana imekaa juu ya mtutu sentimita kadhaa, wengi wameitoboa mashine yao hivyo hivyo.

Mwanga nao. Siku ya mawingu ndo nzuri kuliko zote. Jua kali weka zile plastiki nyeupe za juu, na jua likiwa chini asubuhi linamulika tumbo la risasi kwa hiyo kivuli kinapotea, hapo mi huwa napaka ncha wino mweusi wa makapeni na inasaidia kweli. Ndani ya jengo lenye taa za tyubu usipime kabisa, zile zinapepesa hata kama jicho lako halioni. Betri weka mpya.

Ukishapanga hivyo usianze na risasi zako. Piga kwanza 10 za .22, zile risasi ndogo za kiwandani, kutoka boksi moja zuri, boksi hilo litunze liwe la kupimia tu, kila ukienda unaanza nalo. Zenyewe zikirukaruka ujue tatizo ni mashine, zikitulia ndo upige zako, nazo ziwe 10 kaka, tatu hazikuambii kitu.

Ukiipanga tena nipigie picha kwa ubavuni, bunduki na kronografu vyote vionekane, halafu unitumie kabla hujapiga hata moja.

Wako,
nasubiri hiyo picha