Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Nyumba Yetu, Mji Mkongwe

Assalaam aleikum ndugu wanachama,

Ya kawaida mnayajua, nayapita. Tulifuturu pamoja, tangi la maji limesafishwa, taa za ngazini zote sasa ni za LED.

Nije kwenye chokaa. Barazani yamesemwa mengi, mengine nimeletewa kwa simu usiku: eti mwenyekiti katumia milioni 18 kupaka chokaa, pesa ambazo zingenunua viyoyozi. Basi sikilizeni. Kuta zetu ni za matumbawe na chokaa, unene karibu nusu mita, na kazi yake ni kunywa unyevu na kuutoa. Kamati moja ya zamani, siitaji, ikazipiga lipu ya saruji. Maji yakafungika ndani, chumvi ikaanza kula ukuta, na vichwa vya boriti vikaoza. Lipu ilipobanduliwa chumba cha chini, nilitia kidole kwenye boriti kikazama. Mliokuwa na nafasi ya kuja kuona hamkuja. Kiyoyozi katika chumba kama kile kingekesha kikikausha ukuta, na umeme mngelipa nyinyi.

Yule fundi wa chokaa nilimtafuta mimi, kwa nauli yangu. Na ndiyo, kazi ilichelewa, kwa sababu chokaa haikauki kwa kuhimizwa.

Bati lililoziba uwanja wa ndani pia nililiondoa mimi. Ndugu wa ghorofa ya pili wanaolalamikia mvua nawaelewa, lakini joto lilikuwa halina pa kutokea. Sasa matundu ya juu ya milango yamezibuliwa, upepo wa kusi unapita, na hata wanaonisema wamezima feni usiku. Beit al Ajaib, lile jumba la kale la masultani hapa Mji Mkongwe, ilianguka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020 mbele ya macho yetu. Nyumba hizi si za kuchezea.

Ada sasa. Wanachama 34, waliolipa 11. Tuna deni la fundi la laki nane na mfukoni laki mbili na kidogo. Mkutano wa Julai tulikuwa saba, mimi na mke wangu tukiwemo. Wasiokuja ndio wenye maswali mengi.

Mwakani, inshallah, tutatazama paa, na pengine umeme wa jua, Mamlaka ya Mji Mkongwe ikiridhia. Risiti zote za chokaa ziko kwa mweka hazina. Anayetaka kuzikagua aje nazo ada zake.

Mwenyekiti