Zimwi simtoi

Mdogo wangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unataka nikutumie hadithi fupifupi za kumsimulia mwanao kabla hajalala, "zenye mafunzo na zisizotisha," na kila moja niiandikie funzo lake mwishoni ili umsomee. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu si wewe wa kwanza kuniomba hivyo, na jibu langu ni refu kuliko yale tunayoandikiana kwenye simu.

Hadithi nitakupa. Funzo la mwishoni sitaliandika, na zimwi simtoi.

Kumbuka uani kwa bibi baada ya magharibi, maharage yako motoni, yeye ana ungo wa mchele mapajani. Hakuwa akianza mpaka amalize kupeta. Kisha anachambua chuya mojamoja, na hapo ndipo anapoita: "Paukwa!" Tukiitikia "Pakawa!" kwa uvivu, anarudi kwenye mchele wake kama hakutusikia. Ilibidi tupaze sauti hadi jirani naye aitikie upande wa pili wa ukuta. Sikumbuki hata siku moja alipotuuliza, "Je, hadithi hii inatufundisha nini?" Swali hilo nililikuta shuleni, na nilipolizoea nikaacha kuisikiliza hadithi yenyewe. Nilikuwa nasubiri sentensi ya kunakili.

Chukua ile ya Sultani Darai. Ni ya zamani sana. Edward Steere, mmisionari Mwingereza, aliisikia Unguja na kuichapa London mwaka 1870, na bibi yetu, ambaye hakuwahi kukiona kitabu hicho, aliijua yote. Maskini anapekua jaani kutafuta punje za mtama, anaokota thumni, na badala ya kununua chakula ananunua paa. Watu wanamcheka. Lakini paa huyo anasema, anaokota almasi, anamposea bwana wake, anayemwita Sultani Darai, binti wa Sultani mwingine, anamuua nyoka mwenye vichwa saba na kumpatia nyumba ya kifalme. Kisha paa anaugua.

Hapo bibi alikuwa akipunguza mwendo. Katika hadithi, bibi kizee wa nyumba ile anatumwa juu kwa bwana: paa anaumwa, mwili wote unamuuma. Bwana anajibu: mpikie uji wa mtama. Mtama ule wa kulisha farasi! Bibi kizee anashuka, anapanda tena. Jibu ni lilelile, sasa kwa ukali. Mke anamsihi mumewe, hasikii, basi yeye anapeleka maziwa na wali kwa siri. Lakini paa hakuwa akitaka wali. Alitaka bwana wake ashuke amwone. Akafa, akatupwa kisimani, na yule bwana akaamka asubuhi yuko jaani, anapekua.

Shule zilipofungwa, mwanao alipokuwa kwangu, nilimsimulia hiyo usiku umeme ulipokatika. Nilipofika bibi kizee anapanda mara ya pili, alinishika mkono akaubana. Nilipomaliza alinyamaza, nikanyamaza nami. Nakiri ulimi uliniwasha, nilitaka nimwambie, "Unaona sasa? Ndiyo maana lazima tuwe na shukrani." Nikajizuia. Siku ya tatu yake, tunamenya viazi, aliuliza ghafla: "Mama mkubwa, angeshuka ile mara ya kwanza tu, paa angepona?"

Siku tatu alikuwa na paa yule kichwani. Ningempa neno "shukrani" usiku ule, angelipokea, angelala, na yangeishia hapo. Nami sikumjibu swali lake. Nilimuuliza yeye anaonaje, akasema hajui, kisha akasema, "Lakini angejisikia vizuri." Mtoto wa miaka sita, mdogo wangu. Mimi nisingelisema vizuri hivyo.

Sasa huyo zimwi anayekutia hofu. Ile ya binti aliyesahau pwani kombe lake, lile gamba zuri la baharini, umri wetu ule ilikuwa ikitutoa usingizi, kweli. Zimwi anamtia ndani ya ngoma, anapita naye mji hadi mji, akiipiga ngoma binti anaimba, hadi siku wazazi wake wanapoitambua sauti. Wazazi wengi huifanya kuwa hadithi ya "usiende peke yako." Nimewasimulia watoto wengi, na wao hushikwa na jambo jingine kabisa: aliwaomba wenzake wamsindikize kulirudia kombe, wakakataa mmoja baada ya mwingine. Hilo ndilo linalowaudhi. Ukimtoa zimwi, kukataa kwao kunakuwa jambo dogo, maana binti angerudi salama na kombe lake. Uzito wa "sitaki kwenda nawe" unapimwa na kile kilichokuwa kinamngoja pale mwambani.

Najua utaniuliza kuhusu Sungura, kwamba ni mwongo na mwizi wa asali na bado anashinda. Ni kweli, na sina namna ya kumsafisha. Ila angalia anamshinda nani: simba, fisi, wenye meno. Mtoto naye ndiye mdogo kuliko wote nyumbani, na anahitaji kusikia kwamba mdogo naye ana akili. Akianza kukudanganya kuhusu sukari, hilo mkalishane mliongee kama mama na mwana, bila kumwingiza Sungura.

Jambo moja tu nakusihi kwa nguvu: msimulie kwa mdomo wako. Usimwekee ya kwenye simu, hata kama ile ina picha na muziki. Simu haisimami mtoto anapokubana mkono. Haijui kwamba leo amechoka na sehemu ya nyoka iruke, wala haisubiri aitikie "Pakawa" kwa nguvu. Na kama umesahau katikati, mwambie umesahau, akusaidie.

Anza na Sultani Darai. Sisi wajukuu wote tulijaribu, lakini ni wewe pekee uliyeweza kumwiga yule bibi kizee anaposhuka ngazi mara ya pili, hajui atamwambia nini paa. Bibi mwenyewe alikuwa akiacha kuchambua mchele akutazame. Mwigie mwanao vilevile.

Dada yako